Rehani ya Maua ya Mlimani

Hadithi imebisha hodi, wenzangu, ifungulieni.

Nakijwa na kaka yake Sefue walikuwa na mama aliyepofuka. Wakapanda hadi msitu wa juu mlimani, kwenye kichaka cha maua mekundu yanayoponya macho. Zimwi lililokilinda likasema, "Chumeni, lakini mmoja abaki rehani. Mwenzake asiporudi ndani ya siku tatu, nitamla aliyebaki."

"Nitarudi," akasema Sefue, akashuka na maua.

Siku ya kwanza zimwi likauliza, "Anakuja?"

"Anakuja," akajibu Nakijwa.

Siku ya pili likauliza, "Anakuja?"

"Anakuja."

Siku ya tatu, kabla halijauliza, vilio vikapanda kutoka bondeni, na ndani yake Nakijwa akasikia jina lake. Sefue alikuwa ameogopa kurudi, akawaambia watu dada yake ameanguka korongoni akafa.

Nakijwa akaketi chini. "Nile basi."

Zimwi likamtazama sana. "Wenzako wamekwisha kukulilia. Mimi sili maiti. Nenda."

Akashuka. Mama, kwa macho yake mapya, akawa wa kwanza kumwona, akamkimbilia. Sefue alikuwa akiwagawia waombolezaji chakula.

"Nakijwa, umepita wapi?" akauliza Sefue.

"Njia ileile uliyopita wewe."

Tangu siku hiyo hakumwita tena kaka. Hapo hadithi imekaa kitako.