Ngiri Aliyehamia Ndani ya Dunia

Paukwa!

Pakawa!

Nianzie juu ya ardhi au chini yake?

Chini yake, juu tumeshakuchoka!

Basi shukeni nami taratibu, msikanyagane.

Hapo kale, katika bonde liitwalo Mahimbo, chini ya kilima kiitwacho Ngwasi, aliishi Fuko. Wako wanaokiita kilima hicho Ngwazi. Wamekosea, ni Ngwasi. Na nimesema Fuko, sikusema Panya. Panya ana masikio makubwa na mkia mrefu. Fuko masikio yake hayaonekani, mkia wake ni kipande tu, macho yake ni punje mbili za ufuta, na meno yake manne yametangulia nje ya midomo, ili akichimba asimeze mchanga.

Fuko alikuwa na mke, jina lake Mashavu, na watoto sita, na shemeji wanne, na mama mkwe aliyeitwa Bi Kigongo. Wote walikaa nyumba moja yenye vichochoro vingi, nao hawakuitana kwa sauti, maana sauti hupotea kwenye kona. Waligonga dari kwa kichwa. Du! Maana yake, nipo. Du-du! Maana yake, njooni tule. Du-du-du! Maana yake, kuna hatari, na kila aliye hai agonge, ijulikane kwamba yupo. Hiyo ndiyo desturi yao. Na katika ukoo mzima hapakuwa na kichwa kigumu kama cha Bi Kigongo. Akigonga yeye, udongo humwagika vyumba vyote.

Walikula viazi vya mwitu na ndago, kidogo asubuhi, kidogo jioni, wakaacha vingine vikue. Waliishi vizuri.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu, akaja Ngiri. Alipiga magoti yake yenye sugu, akatia pua ardhini. Fuk-fuk! Fuk-fuk! Akatoa kiazi, akakila. "Hiki changu." Fuk-fuk! "Na hiki changu." Fuk-fuk! "Na hiki nacho, changu."

Siku ya tatu pua ya Ngiri ilitoboa dari ya jiko la Fuko. Fuko akatoa kichwa.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Ondoka juu ya chakula changu."

"Bwana, hapa ndipo jikoni kwangu. Chini hapa wamo watu kumi na watatu."

"Siwaoni."

"Wako chini, Bwana."

"Sikiliza, ewe kijimeno. Ninachokiona ni changu. Nisichokiona nacho ni changu, ila sijakifikia. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Basi funga mlango, vumbi linaniingia machoni."

Fuko alirudi ndani. Alihesabu viazi vilivyobaki, akaona vitatosha siku kumi. Kuhama hakuwezekani. Pande zote za bonde ni mawe, na juu ya mawe kuna Mwewe, na Mwewe hana mchezo na fuko anayetembea mchana. Ngiri akibaki, ukoo wa Fuko umekwisha.

Bi Kigongo alisema naye kwa nyuma ya ukuta, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso.

"Mkwe wangu, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Nilipomwoza Mashavu, walikuja wachumba wawili. Mmoja alikuwa na nguvu. Mwingine alikuwa na maneno. Nikachagua maneno."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nauliza tu, mkwe wangu, sikulaumu. Yale maneno bado yapo, au yaliisha siku ya harusi?"

Mashavu alicheka gizani. Fuko alikaa akitafuna unyasi mmoja mpaka ukaisha. Alikuwa anafikiri neno moja la Ngiri: nisichokiona nacho ni changu.

Asubuhi alitoka, akamkuta Ngiri amelala ubavu, tumbo limejaa.

"Shikamoo, Bwana Ngiri. Nimekuja kukuaga."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Ndani."

"Si ndiko utokako?"

"Hapana, Bwana. Ndani ya nyumba ndiko nitokako. Ninakokwenda ni ndani ya dunia."

Ngiri alifungua jicho moja. "Dunia ina ndani?"

"Kibuyu kina ndani? Dunia ni hivyo hivyo. Sisi tumekaa kwenye ganda. Ndani kuna nchi nzima: vilima, mabonde, nyasi, na jua lake limetundikwa katikati."

"Nani kakuambia?"

"Bwana, mimi ni mchimbaji. Hebu niambie, mzizi ukiota huelekea wapi?"

"Chini."

"Hufuata nini chini?"

Ngiri alifikiri. Hakuwa na mazoea ya kufikiri, masikio yakamchezacheza. "Hufuata nini?"

"Huko ndiko kwao! Hivi viazi tunavyokula huku ni vishina tu, Bwana. Ni mabaki. Viazi vyenyewe viko upande wa ndani."

Ngiri alikaa kitako. "Na mwenye nchi hiyo ni nani?"

"Sijasikia kwamba ana jina."

"Basi ni yangu!"

"Lo! Bwana," akasema Fuko, akainamisha kichwa kama aliyenyang'anywa tonge mkononi. "Mimi nilitaka kuwahi."

"Umechelewa. Njia iko wapi?"

"Iko ubavuni mwa kilima Ngwasi. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, mwenye kumiliki ndani hawezi kumiliki nje. Ganda na kiini havishikwi kwa mkono mmoja."

"Nani anataka ganda? Baki nalo hilo bonde lako la vumbi."

"La pili, Bwana, nchi ile inafanana na hii kwa kila kitu. Jua kama hili, nyasi kama hizi, kilima kama kile. Ndiyo maana wengi wamefika wasijue kwamba wamefika."

"Mimi nitajua," akasema Ngiri. "Mimi si wengi."

Sasa, njia yenyewe ilikuwa shimo la Muhanga, yule mla mchwa mwenye pua ndefu. Muhanga aliingia Ngwasi upande huu akifuata mchwa, akatokea upande wa pili, mbuga ya Lwande, kisha akaenda zake asirudi. Ni mwendo wa asubuhi moja. Fuko alimwomba Ngiri asubiri njia isafishwe, kisha yeye na mkewe na mashemeji walifanya kazi siku tatu kuzibua palipoziba na kupanua palipobana. Walipomaliza, Fuko aliona tatizo. Kipande cha mwisho kilikuwa kimenyooka. Ngiri akiingia kwa kichwa, ataona mwanga wa upande wa pili, na hata Ngiri hujua maana ya shimo lenye milango miwili.

Lakini Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Ukoo wa Ngiri wote, tangu babu zao, huingia kinyumenyume, ili pembe zitazame mlangoni, Chui akija akutane nazo. Anayeingia kwa kichwa huchekwa mpaka aozeshwe mbali. Hata hivyo Fuko alitaka kuwa na hakika.

Fuko na Ngiri walipofika mlangoni, Fuko alisema kwa upole, "Bwana, njia ni ngeni. Afadhali leo uingie kwa kichwa, uone unakokwenda."

"Nini?"

"Nasema, kwa kichwa."

"Mimi? Ngiri mwana wa Ngiri? Niingie kwa kichwa kama mjusi?"

"Bwana, hakuna atakayekuona..."

"Nitajiona mwenyewe! Pisha!"

Akageuka, akaelekeza matako shimoni, akaanza kurudi nyuma. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Fuko akamfuata, ana kwa ana, akimwelekeza. "Kulia kidogo, Bwana. Inama. Hapo kuna jiwe."

Kwaru-kwaru. Ngiri aliutazama mwanga wa Mahimbo ukipungua. Ulikuwa kama ungo. Ukawa kama sahani. Ukawa kama kifungo. Ukatoweka.

"Naiaga dunia ya nje," akasema Ngiri kwa huzuni kidogo. "Imebaki na nani sasa?"

"Na mimi tu, Bwana. Masikini."

Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka Ngiri akahisi upepo nyuma yake. Akatoka matako kwanza, kisha tumbo, kisha pembe. Akageuka. Aliona nyasi, kinamasi chenye matete, na jua. Akalitazama jua kwa muda.

"Linafanana na la kwetu," akasema. "Ila hili ni dogo kidogo."

"Bwana una macho," akasema Fuko, aliyebakia ndani ya shimo.

Kundi la Kanga lilikuwa linaparura hapo. Ngiri akawaendea. "Enyi Kanga! Huku ni ndani?"

"Ndani ya nini?" akauliza Kanga mmoja.

Ngiri akamrudia Fuko, akamnong'oneza. "Hata hawajui kama wako ndani. Masikini, wamezaliwa humu." Kisha akapiga magoti, akatia pua kwenye tope la kinamasi. Fuk-fuk! Akatoa kiazi cha matete, kinene, chenye maji. Akakila, machozi yakamtoka. "Hiki ndicho chenyewe! Kile cha nje kilikuwa kishina!"

Hapo Fuko akarudi nyumbani. Alipofika aligonga dari mara mbili, du-du, njooni tule.

Mvua zikanyesha. Viazi vya Mahimbo vikarudi, ndago zikachipua. Watoto wa Fuko wakanenepa hata vichochoro vikawabana. Na Ngiri kule Lwande akanenepa pia. Akijitambulisha kwa kila apitaye alisema, "Mimi ni Mtawala wa Ndani." Nao wakamwitikia, maana hakuna aliyeona ubaya wake. Kinamasi kilikuwa kikubwa, na cheo hicho hakuna aliyekuwa nacho.

Lakini Ngiri ni Ngiri. Siku moja alikitazama kilima akajiuliza, "Nyuma yake kuna nini?" Asichokiona nacho ni chake. Akapanda. Safari hii hakupita shimoni, alipita juu, jasho likimtoka, mpaka kileleni. Akateremka upande wa pili. Na nani alikuwa nje asubuhi hiyo, anasukuma udongo mlangoni? Fuko.

Fuko alihisi vishindo vya miguu, akavijua. Viazi vyote vya bonde vilikuwa wazi, na Ngiri alikuwa hatua kumi tu.

"Ewe kijimeno!" akaita Ngiri. "Wewe si Fuko?"

Fuko akageuka polepole. "Fuko ndiye mimi. Wewe ni nani?"

"Hunijui? Ni mimi, Ngiri! Umefikaje huku ndani?"

Fuko alipolisikia neno hilo, ndani, roho ilirudi mahali pake.

"Mimi sikufika, Bwana. Mimi ni wa humu humu. Labda unamsema ndugu yangu wa nje. Nasikia yuko mmoja, tumefanana."

"Mmefanana hata meno!"

"Ndivyo ilivyo, Bwana. Kila aliye nje ana wa kwake ndani."

Ngiri akacheka. "Basi ndiyo maana hata bonde hili limefanana na lile la vumbi! Sawasawa. Viazi hivi vyote ni vyangu, maana mimi ndiye Mtawala wa Ndani." Akapiga magoti. Kisha akasita, masikio yakaanza kumchezacheza. "Hebu ngoja. Kila aliye nje? Hata mimi?"

"Wewe umetoka nje, Bwana?"

"Ndiyo."

"Uuuwi!" akasema Fuko. "Na wa kwako amelala hapa chini!"

Akaingiza kichwa mlangoni, akagonga dari mara tatu. Du-du-du!

Hakuwa amewaambia jambo lolote wale wa nyumbani. Lakini desturi ni desturi. Kila aliye hai akagonga. Mashavu akagonga, watoto sita wakagonga, mashemeji wanne wakagonga, na nyuma yao Bi Kigongo akagonga kwa kichwa chake. DU-DU-DUUU! Ardhi ikatikisika. Udongo ukamwagika chini ya magoti ya Ngiri.

"Anaamka," akasema Fuko.

"Ni... ni mkubwa?"

"Kama wewe mara mbili. Ila tabia zake ni kinyume na zako."

"Kinyume vipi?"

"Nasikia ninyi wa nje huingia shimoni kinyumenyume. Yeye huingia kwa kichwa."

Ngiri alipauka. "Kwa kichwa? Anauacha mgongo nje? Haogopi kuguswa?"

"Kuna nani wa kumgusa, Bwana?"

DU-DU-DUUU! Bi Kigongo alikuwa hajaona mtu wa kumwambia aache.

"Nifanye nini?" akalia Ngiri.

"Rudi kwako, Bwana, usigeuke. Na uinue mkia juu, aone kwamba unaondoka kwa heshima."

Ngiri akainua mkia, wima kama mlingoti wa bendera. Pu-pu-pu-pu! Akapanda Ngwasi mbio, akateremka Lwande, akakaa kwenye kinamasi chake akala mpaka akatulia. Hakupanda kilima tena. Na mpaka leo Ngiri akikimbia huinua mkia.

Jioni, Bi Kigongo alisema nyuma ya ukuta, "Mkwe wangu, ile hatari ya asubuhi ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mgeni, mama. Ameshaondoka."

"Hakula?"

"Alikuwa ameshiba."

"Basi nigongee tule sisi."

Du-du!

Mafunzo ya hadithi hii, watoto, ni haya. Uongo haufai kabisa. Mtazameni Fuko aliyesema uongo: mpaka leo anaishi gizani, hana hata jua, na mdomoni hana cha kumpoza isipokuwa viazi. Na mtazameni Ngiri aliyesema kweli daima: ana nchi yake, ana cheo chake, na ndani ya dunia hana mpinzani. Basi kuweni wakweli kama Ngiri. Na mkipita Lwande, mwamkieni kwa cheo. Msimwambie yuko wapi.

Shimo langu limetokea hapa. Mlioingia kwa kichwa mmeshaona mwanga. Mlioingia kinyumenyume, karibuni ndani.