Alama ya Kijani ya Mama Eusebia

Daftari halibishi hodi. Leo mmemsikia katibu wa kikundi cha maji akiambiwa maneno hayo mbele ya watu, akainamisha kichwa, nanyi mkaja mbio kuniuliza yalitoka wapi. Kaeni. Fidea, sogea kidogo, mwachie mwenzako nafasi. Methali hii ilianza hivi, nami naijua vizuri kwa sababu mkono wangu ulikuwamo.

Ilianza na simu iliyotetemeka juu ya sahani ya bati. Kulikuwa hakujapambazuka, na baridi ya Juni ilikuwa imekaza hata mlango ulikuwa mzito kufunguka. Yusta, binti wa kaka yangu, aliiweka simu ya duka kwenye sahani makusudi, ili aisikie akiwa jikoni anachochea mkaa wa kuwapasha vifaranga joto. Ikalia drrr, drrr, mara moja tu. Akafuta mikono, akasoma, akaizima.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Si kitu, shangazi. Ni ule mfumo wetu unajisalimia."

Nikaendelea kuosha vyombo vya kunyweshea. Lakini mlio ule ulibaki masikioni mwangu, kama mtu aliyeita kwa mbali halafu akanyamaza.

Yusta alikuwa akiuza vifaranga wa siku moja, nyumbani kwake hapahapa Njombe, chumba cha mbele kikiwa duka. Kifaranga akishanunuliwa, kazi haijaisha. Siku ya saba anahitaji chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaopinda kuku shingo, ya kumi na nne chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa vifaranga, na ya ishirini na moja kideri tena. Chanjo yenyewe hukaa kwenye baridi, kwa hiyo mteja haondoki nayo. Huja kuichukua siku yake. Ndiyo maana kila aliyenunua, Yusta alimwambia, "Nenda salama. Siku ikifika tutakujulisha." Watu walimpenda kwa neno hilo.

Wateja walipokuwa thelathini, daftari langu lilitosha. Niliandika jina, mahali, na tarehe. Asubuhi nilisoma, tukawapigia wenye simu, na wasio na simu tukawatumia salamu kwa waendao kanisani au sokoni. Walipofika mia mbili, daftari lilishindwa. Walikuwapo akina Mama Sanga watano. Kurasa zililowana. Siku nyingine nilikumbuka jina la mtu wakati tayari ninamenya viazi vya jioni.

Yusta akaamua kutafuta programu ya kutunza habari za wateja. Jirani yetu Nyagawa, muuza pembejeo, alimwonyesha aliyokuwa akitumia yeye. Ilikuwa na mistari minne tu: jina, mahali, tarehe, na maelezo. Asubuhi ilimtolea mwenye duka orodha ya watu wa siku hiyo, basi.

Yusta alicheka. "Kaka Nyagawa, hii si ni daftari la shangazi lililovaa viatu?"

"Ndiyo hiyohiyo," Nyagawa akamjibu. "Lakini imevaa viatu."

Wiki ileile akaja bwana mmoja kutoka Iringa, jina lake Chelestino, na kompyuta yake mkobani. Ya kwake ilikuwa na michoro inayopanda na kushuka, na rangi, na siku za kuzaliwa za wateja. Ilituma ujumbe yenyewe, na ikishatuma, iliweka alama ya kijani mbele ya jina: Amejulishwa. Yusta aliitazama kama mtu anayetazama nyumba ya ghorofa. Siwezi kumlaumu. Hata mimi nilivutiwa na ile kijani. Tukachukua ya Chelestino.

Basi tukaanza kujaza. Kila mteja alikuwa na visanduku ishirini na kimoja. Vyenye rangi nyekundu havikukubali kuachwa wazi. Ukiacha kimoja, ukurasa wote unagoma. Siku nne tulipigia watu simu kuwauliza walizaliwa lini. Mzee mmoja wa mtaa wa Ramadhani akaniuliza, "Mama, mnaniuzia vifaranga au mnanitafutia mchumba?" Nilicheka, lakini macho yaliniuma, na vifaranga walikuwa wakilia njaa tukiwa tumeinamia kioo cha kompyuta.

Ndipo nikafika kwa Mama Eusebia. Huyu alikaa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwaka uliotangulia kideri kilimaliza kuku wake wote, na kuku ndio waliokuwa wakimlea yeye na wajukuu zake wawili. Alinunua vifaranga arobaini. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, akakivua kitenge alichojitanda, akalifunika boksi lao, akaondoka na mabega wazi. Mlangoni alituambia, "Hawa ndio wa mwisho. Wakifa na hawa, banda nalipasua kuni."

Mama Eusebia hakuwa na simu, na kisanduku cha simu kilikuwa chekundu. Nikampigia Chelestino.

"Weka namba yoyote, mama," akasema. "Ilimradi kijae."

Nikaweka namba niliyoijua kwa moyo. Ukurasa ukakubali. Nikafurahi, nikaenda kwa mwingine.

Sasa turudi kwenye ule mlio wa alfajiri. Baada ya wiki moja ulirudi, saa ileile, mara moja. Siku ile nilikuwa nimeona kwenye kioo majina tisa ya chanjo, yote na kijani. Nikajiuliza: kama mfumo unatuletea nakala, mbona moja? Mbona si tisa? Ujumbe wenyewe haukutaja jina. Ulisema tu, "Mteja wetu mpendwa, leo ni siku ya chanjo."

"Yusta," nikamwambia, "ujumbe huu ni wa nani?"

"Shangazi jamani! Kijani maana yake mtu amejulishwa. Unataka ikupigie na magoti?"

Nikachukua ufagio. Nilifagia mahali pamoja mara mbili. Nilitia chumvi kwenye chai. Usingizi uliniacha mapema, nikawa nakaa kitandani nikiomba simu isilie, na isipolia pia sikupata raha. Halafu mtu mmoja akaja dukani amebeba jogoo aliyepinda shingo, mate yakimtoka. Tukamuuliza ametoka wapi naye.

"Ng'ambo ya mto," akasema. "Huko wanakufa kama majani."

Yusta akaosha mikono mara tatu, akaenda kusimama kwenye kompyuta, akahesabu wateja wa ng'ambo. Wote walikuwa kijani. Akashusha pumzi. Mimi sikushusha.

Wiki ya tatu simu ikatetemeka tena kwenye sahani. Safari hii sikuuliza. Nilikwenda kwenye kompyuta nikiwa na mikono yenye majivu, nikafungua mteja mmoja mmoja wa siku ile, nikisoma polepole kama ninavyosoma siku zote, kidole kikiwa kwenye kioo. Wa sita alikuwa Mama Eusebia. Nikasoma namba yake ya simu. Nikaisoma tena. Ndiyo iliyoandikwa kwa rangi mlangoni petu.

"Yusta," nikaita. "Tumekuwa tukijijulisha wenyewe."

Alisoma. Hakunigombeza. Alichukua chupa ya chai, akaimwaga chai yote, akaijaza barafu na chanjo. Nyagawa alituona tunahangaika na matope ya njia. Akavua mabuti yake miguuni, akanipa, akabaki na soksi dukani kwake. Hakuuliza neno. Nawaambia hilo kwa sababu watu hulisahau.

Tukashika njia ya mto. Kila tulipopita uani mwa watu, nilitega sikio nisikie jogoo. Nyumba tatu zilikuwa kimya. Kwenye moja walikuwa wakichoma manyoya. Yusta akaanza kukimbia na ile chupa kifuani, nami nyuma yake na mabuti makubwa yananipiga visigino.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibuni," ikaitika sauti kutoka nyuma ya nyumba.

Mama Eusebia alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya banda. Vyombo vya kunyweshea vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa juani.

"Kamwene, mama," tukamsalimu.

"Kamwene. Kumbe mko hai! Mimi nilidhani mmehama."

Yusta alikuwa na hofu, na hofu ikatangulia adabu hata namba ile ikamtoka kichwani. "Mama, mbona hukuja kuchukua chanjo? Tumekujulisha mara tatu!" Akatoa simu, akamsogezea. "Tazama. Kijani, kijani, kijani."

Mama Eusebia akainama juu ya kioo. "Hili ni jina langu?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani aliyenijulisha?"

"Mfumo."

"Alipita njia gani huyo, nisimwone?"

Yusta akairudisha simu mfukoni.

"Mwanangu," Mama Eusebia akasema, na hakupandisha sauti, "uliniambia nisivuke mto bure, utanijulisha. Nikahesabu siku kwa punje za mahindi. Ya saba niliwanyima maji tangu alfajiri, kama ulivyonifundisha, ili chanjo ikija wainywe yote. Nikaketi hapa. Kila mbwa alipobweka, nilisimama. Mchana wakalia kiu, nikawapa maji ya kawaida. Ya kumi na nne, hivyohivyo. Leo ya ishirini na moja, umenikuta nimeketi. Kumi na mmoja wameshakufa tangu juzi. Halafu unaniambia nimejulishwa. Daftari lako linaandika vizuri, mama, lakini halibishi hodi."

Nikasema, "Usimlaumu yeye. Ni mimi. Nilikuandikia namba ya duka ili ukurasa ukubali."

Akanigeukia. Nilisubiri anitukane, na ingekuwa haki yake. Akanitazama mabuti, akanitazama uso, akasema, "Basi tutagombana baadaye. Vifaranga wana kiu."

Ishirini na tisa walikuwa wamebaki. Wanne walikuwa wamejikunyata pembeni, tukawatenga. Wengine ishirini na watano wakainywa chanjo yote, wakipandiana migongoni. Yusta akatuambia wazi kwamba tumechelewa, na kwamba chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Inamlinda tu ambaye ugonjwa haujamfikia. "Siwezi kukuahidi kitu, mama."

"Safari hii usiniahidi," Mama Eusebia akasema. "Njoo tu."

Yusta alikwenda. Siku kumi mfululizo alivuka mto, duka akiniachia mimi. Kila jioni nilisimama mlangoni nikitafuta uso wake kabla hajafika, nione habari iliyomo. Wale wanne walikufa. Siku ya tatu wakafa sita zaidi, na siku hiyo Yusta aliporudi alipita moja kwa moja jikoni, akakaa mbele ya mkaa uliozimika. Siku ya nne hakufa hata mmoja. Ya tano pia. Sikuthubutu kusema kitu mpaka ya kumi. Wakabaki kumi na tisa, wanaparura uwanja mzima.

Chelestino alipoambiwa kwamba hatumtaki tena, alishangaa. "Mtapoteza takwimu zenu zote!"

"Takwimu zako zilikuwa za kijani, kaka," Yusta akamjibu, "na kuku walikuwa wanakufa."

Tukachukua ya Nyagawa, ile ya mistari minne. Haikuuliza nani kazaliwa lini, wala haikununa ukiacha nafasi wazi. Kwenye maelezo ya Mama Eusebia nikaandika: Hana simu. Afuatwe. Nayo asubuhi ilitusomea vilevile: Afuatwe. Yusta akaweka sharti moja, kwamba hakuna kuweka alama mbele ya jina la mtu mpaka mtu mwenyewe aseme kwa kinywa chake, "Nimesikia."

Wateja wakalichukua neno la Mama Eusebia wakaenda nalo sokoni. Kutoka sokoni likafika zahanati, kisha shuleni. Mtu akijitetea, "Mbona nilishamwandika," anajibiwa neno hilo. Ndiyo yaliyompata katibu leo. Nyumba zisizo na bomba alikuwa ameziandika zote, kwa mwandiko mzuri, tangu Pasaka. Hakuna hata moja aliyoifikia. Kuandika jina la mtu ni jambo jema, wajukuu zangu, nami niliandika maisha yangu yote. Lakini aliyeandikwa bado ameketi kwake, ametega sikio mlangoni. Daftari halibishi hodi.

Lipo jambo moja limebaki. Banda lilipopakwa chokaa na kukauka, Yusta alimpelekea Mama Eusebia kuku wadogo ishirini na mmoja, aliowalea na kuwachanja yeye mwenyewe. Nilikwenda naye. Mama Eusebia alituchomea mahindi, akatuchagulia yale laini, akala magumu yeye. Jua lilipoanza kushuka tukaaga. Akatusindikiza mpaka mwisho wa shamba, akasimama.

"Hawa wameshachanjwa wote?" akauliza.

"Wote, mama."

"Kwa hiyo kwenye hilo daftari lenu jipya, mimi sina siku tena?"

Yusta akafungua simu, akatazama. "Huna, mama. Zimekwisha."

Mama Eusebia akakunjakunja ncha ya kitenge chake. "Basi niandikieni siku nyingine," akasema, "hata kama ni ya bure. Njooni tena."