Komwe za Bwanaheri

Kazi huuliza mikono, bao huuliza mtu. Mmeisikia methali hii barazani, mkataka kujua imetoka wapi. Basi ilianza hivi.

Pale Mtondoni palikuwa na fundi mwashi aitwaye Shekuwe, mtu wa swala tano na jasho jingi. Alisimamia ujenzi wa msikiti, akaapa utaezekwa kabla ya Ramadhani. Lakini kila alasiri mafundi waliweka zana chini wakaenda barazani kucheza bao. Kinara wao alikuwa kaka yake mwenyewe, Bwanaheri, mchonga mawe, aliyeishi peke yake tangu afiwe na mkewe. "Leo utalala mapema kuliko kuku," ndiyo iliyokuwa salamu yake kwa kila mpinzani. Na baraza ile ilikuwa na ada: komwe, zile kete za bao, haziguswi mpaka wote wafike. Asiyeonekana huendewa kwake.

Shekuwe akazizoa komwe, akazifungia sandukuni. "Nyumba ya Mungu haijengwi kwa mchezo," alisema. Nani angembishia? Watu wakafanya kazi mpaka magharibi, wakaswali, kila mtu akashika njia ya kwao.

Kuta zikapanda, Shekuwe akafurahi. Asubuhi moja nyundo ya Bwanaheri ililala chini. Mwenzake akaiokota, akaendelea kuchonga. Mawe hayakupungua, na Shekuwe hakuuliza. Siku zikapita hivyo, hata majirani wakasikia harufu.

Mlango ulipovunjwa, walimkuta Bwanaheri kando ya mtungi, kata ya kuchotea maji mkononi, mtungi mkavu.

Baada ya maziko Shekuwe akasema, "Mbona hamkuniambia kwamba haji kazini?"

Mzee Athumani, mpinzani wa marehemu kwenye bao, akamtazama. "Kazini kulipungua nini, mwanangu? Ulitaka mawe, ukapata mawe. Barazani tungemkosa yeye, siku ile ile."

"Mimi ni ndugu yake, mzee."

"Najua. Na mimi nilikuwa mtu wa kutaniana naye tu. Lakini akiwa na homa, nilikuwa naijua kabla hajakaa."

Alasiri ya pili yake Shekuwe alikuja barazani na komwe kwenye upindo wa kikoi, akazimimina, akakaa. Mtu mmoja akanyoosha mkono aanze. Shekuwe akalifunika bao kwa kiganja.

"Bado," akasema. "Nani hajafika?"

Ramadhani ile waliswali chini ya kibanda cha makuti, kuta za msikiti zikiwa bado hazina paa, na hakuna aliyenung'unika. Kazi huuliza mikono, bao huuliza mtu.