Punje Kumi za Tusekile

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Ehe! Hawa ni watoto au vifaranga walionyeshewa? Paukwaaa!"

"PAKAWAAA!"

Hapo sawa, sasa nasikia kuna watu. Sogeeni motoni. Lugano, hicho kiazi kilichoko majivuni ni changu, nakiona na wewe nakuona. Anyosisye, mpishe mdogo wako. Haya.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo baridi ilikuwa na miguu na ilipiga hodi kama mtu, juu kabisa kwenye milima ya Uporoto, palikuwa na binti mmoja jina lake Tusekile. Aliolewa na kijana anaitwa Ambwene, akapelekwa kuishi kwa wakwe, kwenye kijiji ambacho hata mbuzi walilala karibu na moto.

Basi watu wa huko walikuwa na desturi yao. Bibi harusi hakupewa jiko siku ya kwanza. Alikuja na kichwa kimoja cha kitunguu saumu kutoka shamba la mama yake, na mvua za masika zikikaribia kukatika alikipanda kwenye tuta lake mwenyewe. Kitunguu kikikaa ardhini miezi yote ya baridi, kikakomaa, alikichimba, akawapikia wakwe. Hapo ndipo mama mkwe alipomletea mafiga matatu, naye akawa na jiko lake. Kitunguu kikifa je?

"Hapati jiko!"

Hapati! Atapikia moshi wa wenzake mwaka mzima. Tena kulikuwa na mwiko. Mama mkwe haruhusiwi kukanyaga lile tuta, wala kusema neno lolote juu ya kile kitunguu, mpaka siku ya kula. Mwiko mgumu huo, watoto. Nyie mnamjua mama mkwe gani anayeweza kunyamaza?

Sasa Tusekile alikuwa na jambo lake moyoni. Mama yake alimpa kile kitunguu akiwa kitandani, mgonjwa. Alimwambia, "Mwanangu, ukibanjue, punje zitengane. Kila punje uipande ncha juu, kitako chini. Funika tuta kwa nyasi kavu. Halafu uache." Siku tisa baadaye mama akafariki, na fuko wakala vyote vilivyobaki shambani mwake. Kwa hiyo kile kitunguu ndicho kitu pekee cha mama kilichosalia. Tusekile alikibanjua akapata punje kumi, nono, zenye maganda ya zambarau. Alizipanda ncha juu, kitako chini. Akazifunika kwa nyasi kavu. Ila kuziacha, watoto wangu, kuziacha alishindwa. Kila asubuhi alikwenda kuinua nyasi na kuchungulia.

"Alizipa maji?"

Subira, wewe sikiliza, usilime kabla ya jembe.

Majani yakachomoza, mabichi, kama vidole vya mtoto. Mara mwezi wa sita ukaingia. Siku moja asubuhi akasikia mlangoni, "Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Upepo wa Kipupwe. Nimekuja kuwaona wageni wangu."

"Hapa hakuna wageni wako!" Tusekile akajibu, akatoka mbio kwenda kwenye tuta. Akakuta punje zake zinaimba chini ya udongo. Imbeni na mimi:

*Tusekile, Tusekile,*
*baridi inatuuma!*

"Jamani, watoto wa mama yangu wanaumwa!" Hakungoja hata neno moja zaidi. Akafukua punje tatu, akazitia kwenye chungu chenye udongo, akaziweka ndani, pembeni ya moto, mahali paka alipopenda kulala. Mama mkwe alikuwa hapo hapo anamenya viazi. Akaona. Akafungua mdomo. Akakumbuka mwiko. Akachukua kiazi kilichoiva, akakijaza mdomoni, akanyamaza.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi nyingine, "Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Ukungu. Nimekuja kuwaona wageni wangu."

"Hapa hakuna wageni wako!" Akatoka mbio. Kijiji kizima kilikuwa cheupe, huoni mkono wako. Akafika kwenye tuta kwa kupapasa. Punje zinaimba:

"*Tusekile, Tusekile, baridi inatuuma!*"

Vizuri. Hakungoja. Akafukua punje nyingine tatu, akazifunga kwenye kona ya kanga, akamuaga mumewe, akateremka siku mbili mpaka bondeni kwa shangazi yake, kwenye joto, kwenye migomba na mpunga. Akazipanda huko. Shangazi mtu akashangaa, "We Tusekile, kitunguu saumu cha milimani ukilete huku kwa mbu?" Akajibu, "Shangazi, huku hakitaumwa na baridi." Akapanda milima tena siku mbili, miguu imevimba. Mama mkwe akamuona anaingia bila ile kanga. Akafungua mdomo. Akakumbuka mwiko. Akajijaza viazi, safari hii viwili, mashavu yakawa kama ya panya buku.

Sikilizeni. Msimcheke Tusekile. Aliyefiwa hushika kwa nguvu kile kilichobaki, na mimi simlaumu.

Zikabaki ngapi?

"Nne!"

Nne. Mwezi wa saba ukaja, na kwenye milima ile mwezi wa saba hauna utani. Kabla jua halijatoka, hodi ikapigwa taratibu, kwa ukucha tu. Ko, ko, ko.

"Nani?"

"Mimi Jalidi."

Jalidi mnamjua? Ni ule umande unaoganda, mkiamka mnakuta majani yote kama yamemwagiwa unga. Huyo ndiye mkubwa wa ndugu zake. Upepo hupiga kelele na Ukungu hujificha, lakini Jalidi hukaa tu juu ya kitu, na kitu kinaganda.

"Nimekuja kuwaona wageni wangu," akasema Jalidi.

"Hapa hakuna wageni wako! Ondoka!"

Tusekile akachukua jembe, akatoka mbio, nyasi zinakatika chini ya nyayo zake. Tuta lote jeupe. Majani ya zile punje nne yamelala chini. Akainua jembe, akapiga. Ng'o! Udongo umekuwa jiwe. Akapiga tena. Ng'o! Mpini ukamtoka mkononi. Akapiga magoti, akachimba kwa kucha mpaka kucha zikamuuma. Hapakufukulika hata kidogo.

Basi akalala kifudifudi juu ya tuta, kifua chake juu ya nyasi, akilia, "Mama, nisamehe, vitunguu vyako vinakufa." Hakuwa na pa kukimbilia tena wala cha kubeba. Na kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia, kwa mara ya kwanza akausikia wimbo wote. Nyamazeni muusikie na nyie.

*Tusekile, Tusekile,*
*baridi inatuuma!*
*Iache, iache ituume,*
*ikituuma tunagawana,*
*tukigawana tunakuwa wengi.*

Tusekile akaacha kulia. Akauliza, "Ndivyo mlivyokuwa mnaimba siku zote?"

Punje zikajibu, "Ndivyo. Wewe unakimbia kabla hatujamaliza."

Jalidi akacheka kule alikokaa, kicheko cha kukwaruza. "Mimi siwaui hawa, binti. Mimi huwagonga tu. Kitunguu saumu kisichogongwa na baridi hakijui kujigawa. Mama yako alinikaribisha kila mwaka, akifunika tuta kwa nyasi kisha anarudi ndani kwake. Muulize mama mkwe wako, kama hana kiazi mdomoni."

Tusekile akainuka. Akaongeza nyasi kavu juu ya tuta, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Halafu akasema, "Karibu, Jalidi. Wageni wako hawa hapa." Akageuka, akarudi ndani. Hakutazama nyuma. Nawaambia ukweli, mimi kwa hatua zake thelathini za kurudi ndani namvulia kanga ya kichwani yule binti kuliko kwa safari yake yote ya bondeni. Na kesho yake hakuinua nyasi. Na kesho kutwa hakuinua. Mama mkwe alipomuona ametulia akaketi, akamenya viazi vyake bila kula hata kimoja.

Mwezi wa nane ukaisha. Baridi ikachoka, ikashuka. Majani ya chini yakawa ya njano, na hiyo ndiyo dalili, wala usingoje yakauke yote. Siku ya kuchimba ikafika.

Akaanza na chungu cha kando ya moto. Akakimwaga. Zile punje tatu zimenenepa, kila moja imekuwa bonge la mviringo, laini, zuri kwa macho. Akabanjua. Halibanjuki. Hakuna punje ndani, ni bonge tupu, peke yake, halina ndugu.

"Loo!"

Kutoka bondeni, shangazi alituma miche mitatu yenye majani marefu ajabu, marefu kuliko Lugano. Chini yake? Kitako chembamba, hakuna kitu.

Akaenda kwenye tuta, akatia jembe pembeni, akainua. Vikatoka vichwa vinne vikubwa kama ngumi ya mwanamume, vyeupe vyenye mistari ya zambarau, vimejaa mpaka ganda linataka kupasuka. Akavining'iniza kwenye kichanja mpaka vikakauka. Siku ya kupika, akabanjua kile kikubwa kuliko vyote. Hesabuni na mimi.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi!"

Kumi. Idadi ileile aliyopewa na mama yake. Tusekile akaziweka kwenye mapaja, akalia, na huku anacheka.

Jioni wakwe wakaketi. Kuku akaletwa na viazi, harufu imefika mpaka kwa majirani. Mama mkwe akaonja. Akatafuna. Akaonja tena. Mwiko umekwisha, sasa kinywa chake ni mali yake.

"Mwali, mbona mlo huu umepikwa kwa yale mabonge ya chungu? Nasikia ladha ya majani ya bondeni pia. Vile vinne vikubwa viko wapi?"

Ambwene akatazama chini. Tusekile akapiga goti, akasema, "Mama, mniwie radhi. Mabonge yale hayana watoto, nikaona yanafaa kupikwa. Vikubwa sikupika. Vinarudi ardhini masika yajayo, na kimoja nitampa kila binti atakayezaliwa nyumba hii."

Mama mkwe akasimama, akatoka nje. Watu wakaogopa. Akarudi anahema, amebeba jiwe. Akalitua. Akaenda, akarudi na la pili. Akaenda, akarudi na la tatu. Akayapanga mbele ya Tusekile, mafiga matatu.

"Mimi nilipika vikubwa," akasema. "Niliwashibisha sana wakwe zangu. Mwaka uliofuata nikatembea nyumba hadi nyumba naomba mbegu, na mama yangu kaburini ananitazama. Wewe mwanangu umenipita. Washa moto wako."

Tusekile akawasha.

Nasi tunajifunza nini? Penda mtu au kitu mpaka uweze kukiachia baridi yake. Na wimbo wa mwenzio usikilize mpaka mwisho kabla hujakimbia kumwokoa.

Haya, imbeni wote, mpaka mwisho:

*Iache, iache ituume,*
*ikituuma tunagawana,*
*tukigawana tunakuwa wengi!*

Hadithi yangu imefika mwisho wa tuta, jembe nimelilaza hapo. Lugano, toa hicho kiazi mfukoni, kitakuunguza. Kigawe, kila mtu apate.