Bango Lenye Miguu ya Matope

Uwongo una mbio lakini hauna pumzi. Hutoka nyumbani kwa kishindo, umevaa suti, na jua halijapinda umekwisha kujikwaa. Asiyesadiki na asikie yaliyompata dalali mmoja wa nyumba, mwanamke mwenye ulimi usiojua kupaka watu mafuta.

Dalali huyo alipata jengo la kiwanda cha mikate kilichofungwa, akataka kuligeuza vyumba vya kupangisha. Fedha hakuwa nazo. Mwanasheria akamwelekeza: waite watu wanaokujua, usipige mbiu barabarani, waeleze hatari yote kabla hujapokea hata senti, na usiahidi faida usiyoishika mkononi. Basi akawakusanya jamaa sebuleni kwa mama yake, fundi cherehani aliyezeeka akishona sare za shule, mwenye akiba yake ya uzeeni.

"Jengo likikosa wapangaji, fedha zenu zinaweza kupotea," aliwaambia. "Tena paa linavuja, na ukuta wa nyuma una ufa."

Baba mdogo akaangua kicheko. "Binti yangu, unauza au unafukuza wateja? Mdomo huo una mkosi!"

Hapo akainuka shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye mtaani walimwita Bwana Uhakika. Sauti yake ilikuwa laini kama samli. "Wazee wangu, mimi kiwanja ninacho tayari. Ghorofa sita! Fedha yako inazaa maradufu ndani ya mwaka. Hasara? Neno hilo kwetu halipo."

"Kibali cha kukusanya fedha za watu unacho?" dalali akauliza.

"Shemeji, wivu utakuua."

Sebule nzima ikacheka. Kilichomchoma dalali kama msumari wa moto ni kwamba hata mama yake alicheka. Amezunguka juani kukagua mabomba na hati mpaka soli zimelika, kumbe ukweli ndio mkosi! Baba mdogo alilipa palepale. Mama akasema yeye atalipa akishakiona kiwanja kwa macho yake.

Jumamosi wakaenda wote. Kiwanja kilikuwa cha mchanga mweupe, na katikati limesimama bango lenye picha ya ghorofa. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wa fedha kama mtoto mchanga. Dalali alikwisha kuonywa asifungue mdomo, basi akainama tu, akatazama miguu ya bango. Ilikuwa imegandwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, na juu yake mkanda wa udongo mwekundu.

Uvumilivu ukamshinda. "Shemeji, hapa pana mchanga mtupu. Matope haya yametoka wapi?"

"Mvua, shemeji. Mvua ilinyesha."

"Ikanyesha matope?"

Akalisukuma bango kwa kiganja. Likayumba kama mlevi, likaanguka kifudifudi. Kishindo kikamtoa mwanamume mmoja kwenye nyumba ya jirani, taulo begani.

"Nyie vipi? Huyu bwana si aliniomba apige picha tu? Kiwanja changu hakiuzwi!"

Bwana Uhakika akainua mikono. "Nipeni nafasi nieleze..."

"Eleza!" dalali akafoka. "Waeleze bango hili limesimama viwanja vingapi! Mama wa watu ametobolewa vidole na sindano maisha yake yote, nawe uje umle jasho kwa ubao na picha? Na wewe, baba mdogo, mimi niliyesema paa linavuja ndiye mwenye mkosi?"

Safari hii baba mdogo hakucheka. Alijibwaga juu ya bango, mikono kichwani. Bwana Uhakika alidai anakwenda kuleta kibali. Waliokuja kumwona tena walimwona kizimbani.

Mama akashusha pumzi. "Hebu niambie tena, mwanangu. Ule ufa uko ukuta gani?"

"Wa nyuma, mama. Na fedha zinaweza kupotea."

"Nimekusikia. Twende nikauone."

Wakashika njia ndefu ya kiwandani, polepole, kwa mwendo wa magoti ya mama. Ile ya Bwana Uhakika ilikwishia palepale mchangani, kwa maana njia ya mwongo ni fupi.