Kiti Kilichotoka Kichwani kwa Mbwana

Hapo zamani, si zamani za wafalme na majini, bali zamani hizi za karibu ambapo simu zilikuwa zimeshapata akili na wenye simu bado, walikaa Korogwe watu watatu katika nyumba moja, na wote watatu waliumwa migongo.

Wa kwanza alikuwa Kidawa, fundi cherehani. Alishinda ameinama juu ya vitambaa vya watu, na jioni akisimama, nusu ya mwili ilibaki imeinama. Wa pili alikuwa kaka yake, Mbwana, dereva wa lori la mkonge. Lori lilikuwa na kiti, lakini kiti hakikuwa na sponji. Wa tatu alikuwa shangazi yao, Bi Mwanamkuu, aliyewalea tangu wachanga. Mgongo wake, alisema, waliuharibu hao hao wawili, maana walikataa kutembea mpaka wakaota meno yote.

Siku moja likatokea tangazo kwenye simu. Mashindano mapya ya poka, mchezo wa karata, bure kabisa, na zawadi kubwa ni kiti cha kukanda mgongo. Si kiti cha kawaida, jamani. Kina joto, kina ngumi za ndani, ukikikalia kinakutwanga taratibu mpaka usinzie.

Kidawa akasema, "Kiti hicho changu."

Mbwana akasema, "Kiti hicho changu."

Bi Mwanamkuu akasema, "Karata ni mambo ya wahuni." Kisha akauliza kiti kina rangi gani.

Sasa sikilizeni kanuni, maana bila kanuni hamtaweza kuamua. Kila mchezaji ana karata mbili mkononi, nyingine zinafunuliwa mezani kwa matumizi ya wote, na ana vidude vya kuwekea dau vinavyoitwa chipsi. Mwenzako akiweka chipsi, ama unaweka sawa naye, ama unasalimu amri na kutupa karata zako. Hayo ni ya kawaida. Jipya lilikuwa hili: juu ya kichwa cha kila mchezaji palichorwa sanduku lililofungwa. Ukimmaliza mtu chipsi zote, anatoka, na sanduku lake unalifungua wewe. Karibu masanduku yote yalikuwa na picha ya ua. Moja tu lilikuwa na kiti, na hakuna aliyejua liko kichwani kwa nani.

Tena, aliyetia mchezo ule Kiswahili hakuwahi kukaa na Waswahili. Kitufe cha kuweka sawa na mwenzako alikiandika PIGA SIMU. Kitufe cha kusalimu amri alikiandika KUNJA.

Kidawa alijifunza. Alisoma kanuni, akarudia, akafanya mazoezi mpaka mteja mmoja akashonewa gauni lenye mikono mitatu. Mbwana hakusoma kitu.

"Karata ni karata," alisema. "Nimezicheza kijiweni tangu sijaota ndevu."

"Kwani sasa umeota?" akauliza Kidawa.

Siku ya mashindano ikafika. Kidawa akakaa sebuleni, akajiita Sindano. Mbwana akajifungia chumbani, akajiita Simba Dume. Hakuna aliyemwambia mwenzake jina lake.

Kidawa akacheza vizuri, akacheza kwa hofu, akafungua ua, akafungua ua jingine. Kisha yule Simba Dume akaweka chipsi zake zote kwa mkupuo. Kidawa alikuwa na karata mbili za tisa, lakini mezani kulikuwa na karata nne za kopa. Mtu mwenye kopa moja tu mkononi angetimiza kopa tano na kumshinda. Akaamua kusalimu amri. Kabla hajabonyeza, maharage yakaanza kunuka moshi.

"Shangazi!" akaita akikimbilia jikoni. "Nishikie simu! Wewe kunja tu! Kunja, usifanye kingine!"

"Haya, mwanangu."

Bi Mwanamkuu akatazama huku na huku, akaona kanga zilizoanuliwa na kurundikwa kitini. Akazikunja. Akaona mkeka, akaukunja. Akatazama simu. Kwenye simu palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, PIGA SIMU, nacho kinametameta kana kwamba kinamsihi. Akakumbuka kwamba hajamuuliza shoga yake Sauda kama harusi ni Ijumaa hii au ijayo. Akabonyeza, akaweka simu sikioni.

"Halo? Sauda?"

Simu ikajibu kwa matarumbeta.

"Sauda! Kumbe mmeshaanza bila mimi?"

Chumbani Mbwana akapiga ukelele. "Mama weee, nimetolewa!" Akatoka mbio, na Kidawa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Wote watatu wakainamia simu, kila mmoja akishika kiuno chake. Simba Dume alikuwa na saba na mbili, hakuwa na kopa hata moja. Tisa mbili zimemshinda. Sanduku la kichwani kwake likafunguka, na ndani, kiti.

Siku kiti kilipoletwa, mchukuzi, mtu mzima mwenye kitambi, alikiweka sebuleni, akakichomeka umeme kukijaribu, akasema, "Nipeni jina moja. Zawadi haiandikwi kwa ukoo."

Kidawa akasema, "Andika Kidawa. Nilijifunza mimi, nikacheza mimi, tisa ni zangu na simu ni yangu. Kesho nina sare za shule nzima, na shingo haigeuki."

"Ungekunja!" akasema Bi Mwanamkuu. "Ningekutii ulivyotaka, sasa tungekuwa na ua. Andika Mwanamkuu."

"Shangazi, wewe ulikuwa unampigia Sauda!"

"Nilipompigia Sauda nilipata nini? Si kiti?"

Mbwana akasema, "Taratibu. Sanduku lilikuwa kichwani kwa nani? Kwangu. Nani aliyeweka chipsi zote kwa karata za ovyo? Mimi. Ningekuwa na akili kidogo tu, kiti hiki kingekuwa Mwanza kwa mtu tusiyemjua."

"Kwa hiyo unadai kiti kwa ujinga?" akauliza Kidawa.

"Ujinga wangu ndio uliotoa kiti. Wa shangazi umekipokea tu."

"Nani mjinga, we Mbwana? Mgongo huu ulikubeba!"

"Basi kaeni kwa zamu," akasema mchukuzi.

"Nani aanze?" wakauliza wote watatu kwa pamoja, na ugomvi ukaanza upya.

Mchukuzi akangoja jina. Akangoja, miguu ikamuuma, akakalia kiti kidogo tu apumzike. Kiti kikapata joto, ngumi zikaanza kazi, na sasa anakoroma.

Nawaulizeni basi, lakini tujibizane kwa sauti ya chini tusimwamshe: aliyejifunza, aliyekosea na aliyeshindwa, jina la nani liandikwe?