Fungu la Shujaa

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mpakani mwa Khurasani waliishi ndugu wawili waliowahi kwenda vitani pamoja. Mdogo, Dhakwani, alirudi na kovu katika paji la uso. Mkubwa, Sabiki, alirudi na kovu la mshale mgongoni, watu wakaliona walipooga naye hamamuni. Na mji ule ulikuwa na kipimo chake: mwenye jeraha la mbele alimkabili adui, mwenye jeraha la nyuma alikimbia. Hawakumtukana Sabiki. Walimwita tu Bwana Mgongo, wakacheka kidogo, naye akaendelea kushona matandiko ya farasi.

Sabiki alikuwa na binti, Lubaba, mwenye hamu ya kujua mambo tangu utotoni. Kila Idi, ukoo ulipokusanyika, bega la kondoo liliwekwa mbele ya Dhakwani, kwani hilo lilikuwa fungu la shujaa. Na kila Idi Lubaba alimwona ami yake akilitazama asilile, akisingizia tumbo, kisha akila mkate mtupu. Ni tumbo gani hilo, alijiuliza, linaloumwa siku mbili tu kwa mwaka?

Mwaka mmoja baba yake aliugua sana, Lubaba akawa anamkanda mgongo kwa mafuta. Akalipapasa lile kovu, akashangaa. Mshale haukuingia kama unavyompata mtu anayekimbia. Ulishuka kutoka juu, kama umempata mtu aliyeinama. Akamuuliza alikuwa ameinamia nini. Sabiki akamwambia amalize kukanda, mafuta yanapoa.

Lubaba akahofia kwamba baba yake atazikwa na lile jina. Idi ilipofika, Sabiki akiwa ameegemezwa kwenye mto wa kulalia, binti aliuliza mbele ya wote, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Ami, siku ile ya mshale, baba alikuwa ameinamia nini?"

Dhakwani angeweza kusema amesahau, wala hakuna ambaye angembana. Akaligusa kovu la usoni.

"Alikuwa ameniinamia mimi. Mimi ndiye niliyekimbia, nikajikwaa, nikapasuka uso kwa jiwe. Kaka akanifunika kwa mwili wake. Miaka thelathini nimengoja mtu aniulize, na miaka thelathini nimeshukuru kwamba hakuna anayeuliza."

Akalisukuma bega mbele ya kaka yake. Watu wakaanza kunong'ona, Sabiki akainua mkono.

"Alikuwa na miaka kumi na sita," akasema. "Na mimi, wallahi, niliogopa kuliko yeye."

Kisha akamega nyama, akaitia mkononi mwa mdogo wake.

"Kula, Dhakwani. Tumbo lako limepona."

Ndugu zangu, wamo majumbani mwetu waliorudi kutoka vitani, nasi tumewagawia heshima kabla ya kuwauliza. Subira ya Sabiki sasa twaijua. Ama Dhakwani, alikimbia siku moja, na siku moja akasimama. Ipi ni nzito zaidi, tumwachie Mwenye mizani.